Nimetafuta mtoto miaka saba, leo naambiwa nizuie mimba

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Tanga na mume wangu. Huu ni mwaka wa saba wa ndoa yetu na hatujajaliwa mtoto. Nimehangaika hospitalini, nimehangaika kwa watu wa miti shamba, nimekunywa kila nilichoambiwa ninywe. Kila daktari akinitazama ananiambia kwanza punguza uzito. Nilikuwa na kilo 124. Siku zangu zilikuja mara tatu kwa mwaka, mwaka mwingine mara mbili tu, na wakasema mayai yangu hayapevuki.

Ndugu wakachangishana, nikaenda India kufanyiwa upasuaji wa baipasi, ule wa kulifanya tumbo dogo kisha utumbo ukaunganishwa kwa chini. Sasa ni mwezi wa sita. Nina kilo 95. Napanda ngazi bila kuhema, na pete yangu ya ndoa nimeizungushia uzi kwa ndani isije ikanivuka nikifua. Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia: miezi mitatu mfululizo nimeona siku zangu, kila mwezi, kama msichana.

Nilifurahi mpaka nikalia. Lakini karatasi niliyopewa hospitali imeandikwa nisishike mimba mpaka itimie miezi 18 tangu upasuaji. Mume wangu ameisoma na amekubali. Mama mkwe hajaiona. Yeye kila akinipigia simu ananiuliza, "Haya, mwili umepungua, mjukuu yuko wapi?"

Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya majira. Tatizo natapika. Si kila siku, lakini wiki haipiti, hasa nikila wali mkavu au nikila kwa haraka. Mara mbili nimetapika muda mfupi tu baada ya kumeza kidonge. Wifi yangu anasema nichome sindano, ndiyo rahisi. Shoga yangu mwenye kitanzi anasema mimi nisithubutu, nimekonda ghafla na kizazi kimelegea, kitadondoka. Jirani naye anasema kijiti kitazama mwilini kisionekane tena. Na mwezi huu siku zangu zimechelewa siku tano. Hilo sijamwambia mtu.

Nitumie njia gani? Na swali la pili ndilo linaloniumiza zaidi: mtu aliyetafuta mtoto miaka saba, akizuia wakati mlango ndiyo umefunguka, si anajifungia mwenyewe?

Anayesubiri, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hizo siku tano, mengine yatafuata. Nunua kipimo cha mkojo leo, upime kesho asubuhi kwa mkojo wa kwanza. Upasuaji wako hauharibu kipimo hicho, kitasoma kama kwa mwanamke mwingine yeyote. Ukiona mstari mmoja, rudia baada ya wiki moja, na mpaka hapo mtumie kondomu kila mara, bila kusema "leo tu". Jibu la kuaminika kabisa ni lile linalopatikana siku 21 au zaidi baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga.

Ukiona mistari miwili, usikimbilie kunywa kitu cha kuishusha mimba kwa hofu ya ile karatasi. Wapo wanawake wengi walioshika mimba kabla ya muda waliopangiwa wakajifungua salama. Acha vidonge vya majira, vitamini zako usiache, na uende kliniki wiki hiyo hiyo, usingoje tumbo lionekane. Mimba ya namna hiyo inataka damu yako ipimwe mapema na mtoto afuatiliwe kwa ultrasaundi anavyokua, basi. Inahitaji uangalizi wa karibu, haina maana kwamba umeharibu.

Jambo la pili la haraka ni hayo matapishi. Umeyaeleza kwa kupita, mimi yamenisimamisha. Miezi sita baada ya baipasi, mtu anayekula taratibu hatakiwi kutapika kila wiki. Inaweza kuwa mimba. Inaweza kuwa mlango ule mpya kati ya tumbo na utumbo umebana, na hilo hutibika. Inaweza kuwa ni namna ya kula tu. Lakini mtu aliyefanyiwa upasuaji huu akitapika mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1, na upungufu huo hupiga neva na ubongo. Ukianza kuona ganzi miguuni, kuyumba ukitembea au kuona vitu viwili viwili, hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hata bila dalili hizo, mwone daktari wiki hii.

Sasa vidonge. Muuza dawa hakukuuliza, na wewe hukujua kwamba ni jambo la kumwambia. Sikulaumu. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi, na hata sisi wauguzi tulizoea kumuuliza mama kuhusu presha, kuvuta sigara na kunyonyesha, tukamwandikia. Swali la "umewahi kukatwa tumbo?" halikuwa midomoni mwetu, maana wanawake wa upasuaji huu tulikuwa hatuwaoni. Siku hizi wapo, wengine wametoka India kama wewe, wengine Uturuki, wengine wamefanyiwa hapa hapa Afrika Mashariki, na maswali yetu hayajawafikia.

Tumbo lako lilikuwa mfuko wa kubeba lita moja na zaidi. Sasa limebaki kifuko kidogo, kama yai la kuku. Kutoka hapo chakula hakipiti tena kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kinairuka na kuangukia mbele. Kidonge nacho hufuata njia hiyo hiyo. Kimetengenezwa kwa ajili ya utumbo mzima, kipate muda na nafasi ya kufyonzwa. Kwako kinapita njia fupi, na kiasi kinachofika kwenye damu hakina uhakika. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa uzazi wa mpango unaviweka vidonge, vile vya homoni mbili na hata vile vya homoni moja wanavyopewa wanaonyonyesha, katika daraja la 3 kwa mwanamke aliyefanyiwa baipasi. Daraja la 3 maana yake kwa kawaida visitumike, labda njia nyingine hazipatikani au hazikubaliki. Ongeza matapishi juu yake. Mwanamke mwenye utumbo wake kamili akitapika ndani ya saa tatu baada ya kumeza, anaambiwa ameze kingine. Wewe utameza vingapi?

Kwa hiyo kanuni yako ni moja, na ukiishika hiyo mengine yatajipanga: njia yako isipite tumboni.

Kwa wasomaji wetu waliokatwa sehemu ya tumbo tu bila utumbo kuguswa, au waliowekewa puto, habari ni tofauti kidogo. Kwao kidonge hufyonzwa vizuri zaidi. Lakini kama unatapika, tatizo ni lile lile. Na vidonge vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, hatari ambayo tayari ipo kwa mtu mwenye uzito mkubwa na kwa mtu aliyetoka kwenye upasuaji. Mweleze daktari wako wa upasuaji kabla ya kuanza.

Nirudi kwako, kwenye swali linalokuumiza.

Mwanangu, kwa nini siku zako zimerudi? Mafuta ya mwilini si mzigo uliokaa tu, yana kazi yake: yanatengeneza homoni. Yakizidi, na insulini ikapanda pamoja nayo, mayai yanashindwa kupevuka. Ulipopungua kilo 29, kile kilichokuwa kimekaba kimeachia. Hii ni kweli kwa wanawake wengi wenye hali kama yako, na mara nyingi inatokea mapema, miezi michache baada ya upasuaji, kabla mtu hajafikiria. Hapo ndipo wengi hunaswa. Mwanamke aliyeishi miaka akiamini hazai hajilindi, halafu anashika mimba mwezi wa tano.

Ila huo mwezi wa tano au wa sita ndio wakati mwili wako unajila wenyewe. Unapungua kwa kasi, unakula vijiko vichache, na sehemu ya utumbo iliyorukwa ndiyo hasa inayofyonza madini ya chuma na kalsiamu. Vitamini B12 nayo inahitaji tumbo ili ifyonzwe, na tumbo unalo la yai. Mtoto akiingia sasa atataka damu, atataka mifupa, atataka foliki asidi katika wiki zile za kwanza ambazo hata hujajua kama una mimba. Atavichukua kwako, na wewe huna akiba. Watoto wa mimba za baada ya baipasi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa wadogo kuliko inavyotarajiwa, na hofu ni kubwa zaidi mama anapokuwa bado anashuka uzito. Ndiyo maana Uingereza wanasema subiri miezi 12 hadi 18, na Marekani miezi 12 hadi 24. Karatasi yako ya miezi 18 haikuandikwa kukuonea.

Umeuliza kama unajifungia mlango. Mlango haufungwi na kitanzi wala kijiti. Vikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja. Kinachoweza kukuchelewesha ni sindano, na ndiyo maana kwenye hiyo sikubaliani na wifi yako kabisa.

Sindano ya miezi mitatu haipiti tumboni, hilo ni kweli, na inazuia mimba vizuri. Lakini mwanamke akiiacha, kwa wastani mimba huja kama miezi 10 baada ya ile ya mwisho, na wengine huchukua muda mrefu zaidi. Wewe unayehesabu miezi huwezi kuitoa mwilini ukibadili nia. Pili, inapunguza uimara wa mifupa wakati unaitumia, na baipasi nayo inapunguza mifupa. Kwa nini uibebeshe mifupa mizigo miwili? Tatu, baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiitumia. Nimewachoma wanawake wengi sindano hiyo na imewafaa. Kwako sioni sababu.

Kitanzi cha kopa ni kizuri mno, hakina homoni na kinakaa miaka 10. Katika wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka, anayeshika mimba hafiki mmoja. Kwa vidonge, watu wanavyovitumia majumbani, hushika kama 7, na hao ni wenye utumbo mzima. Shoga yako amekosea: kizazi ni msuli, hakikondi kwa sababu mapaja yamekonda. Kitanzi huweza kuchomoka kwa wachache, hasa miezi ya mwanzo, lakini si kwa sababu umepungua. Wasiwasi wangu ni damu. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza kitanzi cha kopa huongeza hedhi, na wewe unatoka kwenye upasuaji unaopunguza damu. Kama kipimo kitaonyesha damu yako iko vizuri na akiba ya chuma ipo, kichukue. Kama damu iko chini, tuangalie kwingine.

Kipo kitanzi chenye homoni, ambacho hufanya kinyume chake, hupunguza hedhi mpaka wengine isije kabisa. Kwa mwanamke wa baipasi mwenye upungufu wa damu hicho ndicho ningekiweka mbele. Hakipatikani kila kituo, ulizia hospitali kubwa au kliniki binafsi.

Na kijiti. Kwa hali yako, mwaka mmoja wa kusubiri, matapishi, na Tanga ulipo, kwangu hiki ndicho cha kwanza. Kile cha njiti moja kina urefu wa sentimita 4, mfano wa kijiti cha kiberiti, laini, unaweza kukipinda. Unalala, muuguzi anachoma ganzi upande wa ndani wa mkono usioutumia sana, anakisukuma chini ya ngozi tu, anafunga bandeji. Dakika chache. Kisha anakushika kidole na kukuambia, "Kiguse mwenyewe." Usitoke chumbani hujakigusa. Homoni inatoka pale inaingia kwenye damu moja kwa moja, haijui habari za tumbo lako. Kinafanya kazi miaka 3, chenye njiti mbili miaka 5, na unakitoa siku yoyote unayotaka.

Jirani anasema kitazama. Kikiwekwa mahali pake hakizami, na mtu anayepungua huwa kinaguswa kwa urahisi zaidi, maana mafuta ya mkono yamepungua. Nikuongezee ambalo hawatakuambia: wanawake wengi waliopungua sana baadaye hukatwa ngozi iliyoning'inia mikononi. Ukifika huko na kijiti bado kipo, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Tatizo lake nikuambie waziwazi. Kijiti huvuruga hedhi. Kuna atakayetokwa na matone wiki mbili, kuna atakayekaa miezi mitatu hajaona kitu. Wewe uliyefurahi kuziona siku zako kila mwezi, hili litakuuma. Utadhani ugonjwa umerudi. Haujarudi. Ni homoni ya kijiti, na kikitoka siku zinarudi kwenye hali yake. Kama unaswali, ulizia mapema hukumu ya damu ya istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, ili matone yasikukatishe ibada ukabaki na dukuduku. Matone yakizidi rudi kituoni, kuna dawa. Na kama unatumia dawa za TB, za kifafa au za kufubaza virusi, sema kabla ya kuwekewa, baadhi yake hupunguza nguvu ya kijiti.

Ukiwekewa ndani ya siku tano tangu hedhi ianze, kinga inaanza hapo hapo. Ukiwekewa siku nyingine, na ikiwa wana uhakika huna mimba, mtumie kondomu siku saba. Katika vituo vya serikali Tanzania huduma za uzazi wa mpango ni bure, usikubali kuuziwa.

P2 nayo, ile dawa ya dharura ya baada ya tendo, niitaje, najua ndiyo mnayokimbilia. Ni kidonge, kinapita tumboni kama vingine. Tena kwa mwanamke aliyezidi kilo 70 nguvu yake hupungua. Kondomu ikipasuka, kinga ya dharura ya kuaminika kwako ni kitanzi cha kopa kilichowekwa ndani ya siku tano.

Mama mkwe. Mwanangu, yeye anaona mwili umepungua, haoni utumbo uliokatwa. Hajui. Usimwambie wewe, mwache mwanawe amwambie, na si kwenye simu. Aende na ile karatasi, amsomee, amwambie: "Mama, tumeambiwa mwaka mmoja ili mtoto akija asije mdogo na mke wangu asiishiwe damu." Wazee wetu wanaijua vizuri habari ya kuishiwa damu wakati wa kujifungua, wamezika watu kwa hilo. Atanung'unika, lakini atakuwa na tarehe ya kungojea, na mtu mwenye tarehe hapigi simu kila wiki. Kuhusu kijiti, huna lazima ya kumwambia. Hilo ni lenu wawili.

Na mwaka huo usikae bure. Kila miezi mitatu au sita pima wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, foliki na vitamini D. Kalsiamu na dawa ya chuma usivimeze pamoja, viachanishe angalau saa mbili, vinagombana njiani. Miezi mitatu kabla ya kutoa kijiti anza foliki asidi, na umuulize daktari kipimo: wengi hupewa mikrogramu 400, lakini kama uzito wako utakuwa bado juu huenda akakuandikia miligramu 5. Mwonyeshe pia kopo la vitamini zako. Vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo atakubadilishia yenye betakarotini, na maini utayapunguza sahanini.

Siku utakapokuwa mjamzito, kliniki watataka unywe maji ya glukosi wapime sukari. Kataa kwa adabu. Kwa tumbo lako sukari ile inashuka kwa kishindo, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, unaweza kuanguka. Waombe wakupime sukari kwa kidole asubuhi na baada ya kula kwa siku kadhaa. Na tumbo likiuma vikali ukiwa na mimba, usikubali kuambiwa ni vidonda vya tumbo urudi nyumbani. Aliyefanyiwa baipasi utumbo wake unaweza kujipenyeza na kujinyonga kwa ndani, na hapo anahitajika daktari wa upasuaji.

Ila hayo ni ya mbele. Kesho ni kipimo. Kisha wewe na mumeo mwende kituoni na karatasi ya India mkononi, na neno la kwanza kwa muuguzi, kabla hajafungua daftari, liwe hili: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo na utumbo, dawa ya kumeza hainifai." Kisha uniandikie kipimo kilisema nini.